Pampu ya kuzama au ya nje kwa bwawa na kijito cha bustani?

Kabla ya kuuliza aina, uliza kiasi cha maji. Kijito kinataka takriban lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, kwa hiyo chenye upana wa sentimita 20 kinahitaji lita 3,000. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini: hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Pima kimo kutoka uso wa bwawa hadi chanzo cha kijito, kisha soma pampu inatoa lita ngapi kwenye kimo hicho.

Kwa bwawa dogo mimi huchagua ya kuzama. Haina kelele, haihitaji kujazwa maji kabla ya kuwashwa, na maji yenyewe huipoza. Adui wake ni majani: chujio likiziba, au bwawa likikauka, mota inaungua. Kuisafisha ni kulowana mpaka kwenye viwiko.

Ya nje huhudumiwa pakavu, na kwa kijito kipana mara nyingi hula umeme kidogo kwa kila lita inayosukuma. Lakini inavuma, inataka kibanda, na ikikaa juu ya usawa wa maji utahitaji vali ya kuzuia maji yasirudi.

Bili nayo isisahaulike. Wati 60 usiku na mchana ni karibu uniti moja na nusu kwa siku. Wati 250 ni uniti 6. Na kwa yoyote kati ya hizo mbili, fundi aweke swichi inayokata umeme ukivuja. Hapo sina mjadala.