Riwaya ya Wilson nilinunua, sisimizi sikupewa

Niliagiza riwaya ya Edward O. Wilson, Anthill, katika duka moja la vitabu hapa Kisumu. Ilichelewa kufika, bei ilikuwa ya kuumiza, nikalipa bila kunung'unika na nikapewa kitabu kimefungwa nailoni. Nikasoma hadi pale hadithi ya binadamu inaposimama na sisimizi wanaposhika usukani. Malkia wao amekufa na wao wenyewe hawajajua. Nageuza ukurasa, nakutana na utoto wa Raff, mhusika mkuu, niliokwisha kuusoma! Kurasa za mwanzo zimeshonwa tena hapo, na vita vya sisimizi havimo kabisa.

Hizo ndizo kurasa nilizokuwa nazitafuta. Wilson, aliyefariki Desemba 2021, alikuwa Mmarekani aliyetumia maisha yake kuchunguza sisimizi. Alipokuwa mtoto samaki alimchoma mwiba jicho la kulia, likapofuka, akabaki na jicho moja kali la kuangalia vitu vidogo kwa karibu. Vitabu vyake vya sayansi vilimpa tuzo ya Pulitzer mara mbili. Riwaya aliandika hii moja tu, ikatoka 2010 akiwa na miaka 80.

Mimi nafundisha baiolojia, na kuna jaribio lake la 1958 ambalo huwaamsha wanafunzi wangu hata baada ya chakula cha mchana. Yeye na wenzake walionyesha kwamba sisimizi humjua maiti kwa harufu, hasa ya asidi ya oleiki. Mpake sisimizi mzima asidi hiyo, wenzake watambeba huku anarusha miguu wakamtupe jaani. Akirudi wanambeba tena, mpaka ajisafishe. Sasa mtu aliyegundua jambo kama hilo anaandika kifo cha malkia kutoka ndani ya kichuguu, nawe unaniuzia kitabu kisicho na kifo hicho?

Nikakirudisha. Bwana wa kaunta hakukifungua. "Mwalimu, hiki si umeshakisoma? Halafu ni wadudu tu, umekosa nini hapo?" Akanyooshea kidole karatasi ukutani, bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Walionifuata kwenye foleni wakacheka. Nilitoka pale natetemeka.

Ni wadudu tu! Maneno hayo anayasema mtu wa Kisumu, ukingoni mwa ziwa lililopoteza fulu, samaki wadogo wa aina nyingi. Wilson mwenyewe aliwataja samaki hao katika The Diversity of Life, kitabu chake cha 1992. Mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akazagaa miaka ya 1980, na mamia ya aina za fulu zikatoweka au zikabaki chache mno. Nao walionekana visamaki tu visivyo na bei. Wazee wa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, watakueleza walichokuwa wakivua zamani. Kijana wa leo anajua mbuta, ngege na omena, basi.

Dada mmoja niliyesoma naye chuoni, sasa yuko Nakuru, alinitumia nakala yake nzima kwa basi. Nilimaliza sehemu ya sisimizi usiku mmoja. Jamani! Malkia anakufa, lakini harufu yake inawadanganya vibarua kwa siku kadhaa kwamba bado yupo. Kundi linadhoofika, jirani linalipima nguvu, kisha linalimaliza. Baadaye kundi jingine lenye malkia wengi linatapakaa hadi linakausha kila kitu, mwisho binadamu wanalimwagia sumu. Sisi tuliokulia upande wa Kakamega, tuliowahi kuamshwa usiku siafu wakiwa wameingia banda la kuku, tunasoma hapo tukijikuna.

Nikirudi kwa binadamu, nachoka. Raff anapenda msitu wa Nokobee kule Alabama, anasomea sheria Harvard, halafu anaajiriwa na kampuni ileile inayotaka kujenga nyumba msituni humo, ili aishawishi ijenge nyumba chache za matajiri na iache sehemu kubwa. Mazungumzo yao ni makavu, kila mtu anahutubia. Mwenzangu wa staffroom, mtu wa Siaya ambaye kwao ni karibu na kinamasi cha Yala, ananipinga vikali. Kwake hiyo ndiyo sehemu ya maana, kwa sababu amekua akisikia ugomvi wa kinamasi na mashamba makubwa na hajawahi kuona upande mmoja ukipata kila kitu. Mimi nilimwambia Raff ameuza msitu. Akaniuliza kama Yala ingebaki hata nusu hivyo, ningekataa? Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo zile sura kavu zimepata uzito kwangu.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota mbili. Natoa nne, na kama sisimizi wangechapishwa peke yao ningetoa tano bila kufikiri. Anayeanza na Wilson aanze na Naturalist, simulizi ya maisha yake, ndipo aje kwenye riwaya.

Duka halipati hata moja. Nilipita tena juzijuzi, nakala nyingine zimepangwa rafuni zikiwa na nailoni ileile. Ukienda, mwambie afungue mbele yako kabla hujatuma pesa, na uhesabu kurasa za katikati. Akikuambia ni wadudu tu, ondoka na pesa zako.