Vibao Vinne vya RAM ya Pini 30 kwa Kompyuta ya 486: Vizima, Lakini Havikuwa Seti

Nilinunua vibao hivi vinne vya RAM, yaani memori ya kompyuta, kila kimoja cha MB 4, kwa muuzaji wa vipuri vilivyotumika, ili kuifufua kompyuta ya 486 ambayo marehemu baba aliwekea hesabu za duka lake. Ilikuwa na MB 4 tu kwa jumla, na Windows 95 iliyokuwamo, ingawa ilitangazwa kwamba inatosheka na kiasi hicho, ilisuasua mno kila nilipofungua faili lolote la hesabu hizo. Tangazo la muuzaji lilisema ni seti inayolingana, na neno hilo ndilo lililonishawishi kulipa.

Kulingana ni jambo kubwa katika mashine hizi. Prosesa ya 486, ambayo Intel iliitoa mwaka 1989, husoma memori biti 32 kwa mpigo, ilhali kibao cha pini 30 hutoa biti 8 pekee. Ndiyo maana vibao huingia vinne vinne, na kimoja kikigoma, safu nzima imegoma.

Baada ya kugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, nilichomeka kila kibao kwa kukilaza kidogo, kisha nikakisimamisha taratibu mpaka vishikizo vya plastiki vikakaza pande zote mbili. Vishikizo hivyo huwa vimekauka kwa umri na havirudi vikishavunjika, kwa hiyo usivilazimishe hata kidogo. Nilipowasha, sikupata picha, ila milio mitatu mifupi, ambayo kwa BIOS ya AMI (programu ya kampuni ya AMI inayoiwasha mashine) humaanisha hitilafu katika KB 64 za kwanza za memori. Nilirudisha vibao vya zamani na mashine ikawaka, nikajua mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ni nzima. Nikavitazama vipya chini ya taa: pini zake zilikuwa na utando mweusi mwembamba. Nilizisugua kwa raba ya penseli, nikazipangusa kwa pamba yenye spiriti, nikaacha zikauke kabla ya kurudisha.

Safari hii ilikuwa milio miwili, yaani kosa la pariti. Hapo ndipo nilipohesabu chipu. Vibao vitatu vilikuwa na chipu tisa, nane za data na ya tisa ya pariti, inayowezesha mazabodi kutambua biti iliyobadilika. Cha nne kilikuwa na nane tu, na mahali pa ya tisa palikuwa patupu. Ziko mazabodi zinazoruhusu ukaguzi wa pariti uzimwe ndani ya BIOS, lakini yangu haina chaguo hilo, na hivyo vibao vitatu visivyo na kasoro vilikaa bure kwa sababu ya mwenzao mmoja. Picha ya tangazo ilionyesha kibao kimoja tu, na naona kosa la muuzaji liko hapo hasa, kwa sababu yeyote aliyevipanga mezani angeuona upungufu huo kwa macho.

Nilimwandikia nikamtumia picha. Alijibu kwa adabu, akaniletea kibao cha chipu tisa bila kudai nauli, ingawa nilikisubiri kwa wiki tatu. Vyote vilipotimia, niliweka vipya katika safu ya kwanza na vile vya zamani vya MB 1 katika ya pili, jumla MB 20, nikaiacha Memtest86+, programu ya kupima memori, ikizunguka kutoka kwenye flopi usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja, na daftari la baba la mauzo lilifunguka mara moja.

Ninatoa nyota tatu kati ya tano: bidhaa inastahili nne, maelezo yake yanastahili mbili. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha za vibao vyote vinne, mbele na nyuma, uhesabu chipu mwenyewe, na uhakikishe kwamba namba ya kasi iliyochapwa juu yake, kwa mfano 60 au 70, yaani nanosekunde, si kubwa, yaani ya polepole, kuliko ile mazabodi yako inayotaka.