Semina ya umeme kwa biashara ndogo Lubumbashi: mniachie fundi, huyo mkubwa wake mchukueni

Naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Kuna mradi hapa Lubumbashi unaopita masokoni ukiita wenye biashara ndogo waje kujifunza namna ya kutumia umeme bila kuupoteza. Semina ni ya bure, na wakikukubali wanamtuma fundi dukani kwako, halafu unaweza kuomba mkopo wa friza mpya. Jina lao silitaji. Mimi nauza samaki wa kugandishwa tunaowaita tomsoni, kuku na vinywaji baridi katika komini ya Kenya, hapahapa mjini, nina friza mbili za kufunika juu, na habari kama hiyo kwangu ni ya kukimbilia. Nilifunga duka siku ya kazi ili niende. Anayeuza samaki anajua hiyo ni hasara gani.

Mlangoni tukaombwa RCCM, yaani karatasi ya kuandikishwa rasmi kwa biashara. Tangazo walilotugawia sokoni lilisema biashara ndogo, halikutaja RCCM hata mstari mmoja. Bamama wengi wa soko wanalipa patenti, leseni ya wafanyabiashara wadogo, karatasi yao ni hiyo tu, na wengine walikuja nayo imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Wakarudishwa. Mimi nilipita kwa sababu duka letu liliandikishwa zamani na mume wangu. Jirani yangu anayeuza maji ya barafu nilimwingiza kwa kusema tuko pamoja.

Ndani, bwana mwenye kipaza sauti alifundisha kwa Kifaransa kitupu. Alianza na Inga, bwawa la umeme la mto Kongo: umeme unasafiri karibu kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kwa laini iliyoanza kazi 1982, njia ni ndefu, mahitaji ni mengi, basi sisi tukizima taa zinazowaka ovyo-ovyo bila kazi, umeme utatosha. Utamtosha nani? Migodi ya shaba na kobalti inakula umeme wa kuwasha mitaa mizima, halafu upungufu unaletwa kwa mama mwenye balbu mbili! Na hizo balbu ni za LED tangu zamani. Sokoni kwetu hata muuza lengalenga anayo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba LED inakula umeme pungufu kwa asilimia 75 na zaidi kuliko balbu ya zamani ya waya.

Kisha akatuonyesha kibandiko cha Ulaya chenye herufi A mpaka G, na alama ya Energy Star ya Marekani, akasema mkinunua friza tazameni hivyo. Friza zetu ni za mtumba. Kibandiko, kama kilikuwepo, kilibaki hukohuko zilikotoka.

Nilikuwa namnong'oneza jirani yangu kwa Kiswahili yale yanayosemwa, kwa sababu Kifaransa hakifuati vizuri. Bwana akasimama katikati ya sentensi, akatuelekezea kidole mbele ya watu: kama tunataka kupiga soga, soko liko nje. Jirani yangu ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Aliinamisha kichwa akaanza kukunja pembe ya kitenge chake, na hakuuliza neno lolote mpaka mwisho.

Mimi nilinyoosha mkono. Nikauliza hivi: wengi wetu hatuna mita, tunalipa kiasi kilekile kila mwezi, umeme uwepo usiwepo. Sasa nikipunguza matumizi, napata nini? Akanijibu, "Mama, hilo si swali la hapa. Hapa tunaongea na wajasiriamali." Akamwashiria kijana achukue kipaza sauti mkononi mwangu. Kilikuwa bado kinawaka, ukumbi mzima ukasikia ninavyosema "lakini shefu..." kisha kikazimwa.

Lilikuwa swali la hapa kuliko yote. Mwenye mita ya kulipia kabla anaona faida siku hiyohiyo. Asiye na mita haoni chochote kwenye bili, na kama hamna la kumwambia, mmemwitia nini?

Jibu nililipata baadaye kwa fundi wao, kijana mpole, alipokuja dukani. Alisalimia, akaomba ruhusa ya kusogeza vitu. Akatoa noti ya faranga 500, akaibana kwenye kifuniko cha friza ya kwanza, akaivuta: ikakataa kutoka. Akaenda ya pili, upande wa bawaba. Noti ikatoka bila kushikwa na kitu. "Mama, baridi yako inatokea hapa," akasema, na akanishika mkono akauweka pale ili nisikie mwenyewe ubaridi unavyopita. Mpira ulikuwa umekakamaa. Tukatafuta mwingine kwenye friza iliyokufa ya fundi wa mtaani, akaupasha kwa maji ya moto ukalainika, ukakaa. Akapiga brashi vumbi la nyuma, akaisogeza friza mbali na ukuta ipate hewa.

Halafu akanieleza, kwa Kiswahili chetu, lile ambalo mkubwa wake aliliona halifai. Faida ya asiye na mita iko kwenye delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa mgao. Friza iliyojaa, yenye kifuniko kinachobana, usipoifungua inaweza kutunza ubaridi karibu saa 48. Ikijaa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo samaki wakipungua, nijaze nafasi kwa chupa za maji zigande. Zamani umeme ukikatwa asubuhi, jioni tayari nilikuwa nawasha jenereta, petroli inaondoka na faida yote ya kuku. Sasa jenereta nalala bila kuigusa, na samaki wanaamka wagumu. Akanionya pia kwamba taa zikififia umeme umeshuka, nichomoe friza, maana umeme dhaifu ndio unaounguza mota.

Kwa hiyo niseme nini? Nilikaa kuandika kwamba msiende, mtapoteza siku. Siwezi kusema hivyo, kazi ya fundi yule naiona kila asubuhi ninapofunua friza. Nendeni. Vumilieni huyo bwana, jiandikisheni kwa ajili ya fundi.

Lakini nikikumbuka bamama waliorudishwa na patenti zao mkononi, moyo unanipanda tena. Mpira na chupa za maji havihitaji RCCM! Mkopo sawa, ombeni karatasi zote mnazotaka, ni fedha. Ila maarifa ya kubana noti kwenye kifuniko mngeyasema palepale sokoni, kwa Kiswahili, mbele ya meza za samaki, na kila mtu angerudi nayo nyumbani. Mmekodi ukumbi kuwaficha maarifa wale mliokuja kuwasaidia.

Nyota mbili, zote za fundi. Na kama kuna mtu wa mradi anayesoma hapa: yule mama wa maji ya barafu mlimkatalia fundi kwa sababu hana RCCM. Friza yake inavuja kuliko yangu. Anajulikana soko zima, ulizeni mtaonyeshwa.