Nondo za titaniamu gredi ya 2 kwa nguzo za kale: zinafaa, ila usikimbilie zenye nguvu zaidi

Kwa kuunga pande la nguzo ya marumaru (jiwe moja kati ya yale yanayopangwa juu ya mengine kuunda nguzo) lililovunjika vipande viwili au vitatu, nondo ya titaniamu safi ya gredi ya 2, yenye hesi kuanzia ncha hadi ncha, bado haijapata mpinzani wa kweli. Bei yake inauma ukiiweka kando ya chuma kisichoshika kutu. Hata hivyo, aliyewahi kuona kutu ilivyofanya kwenye Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale mjini Athens, hatabishana sana juu ya bei.

Pale, kati ya 1898 na 1933, mhandisi Nikolaos Balanos alikaza mawe kwa chuma cha kawaida bila kukimiminia risasi (metali laini inayozuia kutu). Mafundi wa kale walizungushia vibanio vyao vya chuma risasi iliyoyeyushwa, na vingi vikadumu zaidi ya miaka 2,000. Vile vya Balanos viliota kutu ndani ya miongo michache. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo marumaru ilipasuka kutoka ndani kwenda nje. Sehemu kubwa ya kazi ya ukarabati tangu kamati ya uhifadhi iundwe 1975 imekuwa kuking'oa chuma hicho na kuweka titaniamu.

Joto nalo lina la kusema. Nondo ya mita 1, joto likipanda nyuzi 30, titaniamu hurefuka kama mm 0.26, chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316 hurefuka karibu mm 0.5. Ndani ya jiwe tofauti hiyo hujirudia kila mchana na usiku.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuchukua gredi ya 5, yaani titaniamu iliyochanganywa na metali nyingine, kwa kuwa karatasi yake inaonyesha nguvu kubwa. Nondo ya M12 (kipenyo cha mm 12) ya gredi ya 2 huanza kunyumbuka ikivutwa kwa takribani tani 2.3. Ya gredi ya 5 husubiri hadi kama tani 7, na kabla haijafika huko, jiwe la kale ndilo litakalokatika. Kiungo kinatakiwa kishindwe kwenye nondo, kwa sababu nondo hununuliwa tena, jiwe la kale halinunuliwi. Kwa hiyo udhaifu wa gredi ya 2 ndio hasa unaolipiwa hapa.

Kazi yenyewe hufaulu au huharibika kwenye shimo. Kwa M12, toboa shimo lenye kipenyo cha mm 16 kwa biti ya almasi inayopozwa kwa maji, drili ikiwa imezimwa nyundo. Mapigo ya nyundo huacha nyufa za unywele ambazo hutaziona siku hiyo. Ukikadiria mshiko wa uji (mchanganyiko wa saruji au chokaa unaojaza shimo kuizunguka nondo) kwenye jiwe kuwa N (nyutoni) 2 kwa kila mm ya mraba, kina kinachohitajika ni kama mm 230 kila upande, na mhandisi ndiye wa kuthibitisha kwa jiwe husika. Toboa kutokea uso wa mvunjiko, si kutokea nje kwenye mifereji ya nguzo. Tatizo la kawaida ni mashimo ya pande mbili kutokutana: toboa upande mmoja kwanza, chomeka vigingi vyenye ncha iliyopakwa rangi, bana vipande pamoja, ndipo alama ikuonyeshe pa kutoboa upande wa pili. Kisha unganisha pakavu, bila uji, mpaka mvunjiko ufunge kabisa.

Osha vumbi, lowesha shimo, subiri maji yasituame. Shimo kavu hufyonza maji ya uji, na uji ulionyimwa maji hubaki unga. Kwa marumaru, saruji nyeupe yenye alkali kidogo inatosha. Kwa mawe ya chokaa yenye vinyweleo vingi, chokaa ya haidroliki, inayoganda hata penye maji, ni salama zaidi, maana chumvi za saruji husafiri na maji na kumenya uso wa jiwe. Ila hukomaa polepole, kwa hiyo vibano vikae muda mrefu. Gundi nyingi za epoksi zinazokauka bila kupashwa moto hulainika kwenye nyuzi 50 au 60, na kuzitoa baadaye ni balaa.

Kasoro za nondo zenyewe zipo. Nati ya titaniamu juu ya hesi ya titaniamu hung'ang'ania hadi kuvunjika ukikaza kavu kavu. Kuikata titaniamu kunataka kasi ndogo na kipoozi kingi. Vumbi lake likishika moto, zima kwa mchanga mkavu, si maji. Na wapo wauzaji wanaokupa chuma kisichoshika kutu kwa bei ya titaniamu. Sumaku haisaidii sana hapo, mizani inasaidia: mita 1 ya M12 ya titaniamu ina uzito wa kama kilo 0.4, ya chuma inakaribia 0.7. Dai pia cheti cha kiwanda kinachotaja ASTM B348, kiwango cha nondo za titaniamu.

Usizitumie kufunga pande juu ya pande. Kwenye Parthenon, hekalu kuu la Acropolis, mapande hukaa makavu bila uji, yakiwa na kigingi cha mbao tu katikati, na tetemeko likija huteleza na kuyumba kidogo, yakipunguza nguvu ya tetemeko hilo. Ukiyashona kwa nondo, nguvu hiyo yote inaishia kwenye shimo lako.