Kunyongwa au Kufungwa Maisha
Wanaotetea adhabu ya kifo husema kwamba aliyeua kwa kukusudia anastahili malipo yanayolingana na kosa lake, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa jamaa za marehemu nao wana haki. Kifungo cha maisha humtenga muuaji na jamii, ingawa wapo wafungwa wanaokiona kikali kuliko kifo chenyewe. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, imo katika makosa ya mahakama: Timothy Evans alinyongwa Uingereza mwaka 1950 kwa mauaji ya binti yake mchanga, na msamaha uliotolewa mwaka 1966 haukuwa na wa kuupokea, ilhali mfungwa aliyehukumiwa kimakosa huweza kuachiliwa na hata kulipwa fidia.