Nyimbo 84 zilizowageuza wabishi wa duka langu la ushonaji

Kwa miaka sita nimepiga muziki wa kantri dukani kwangu hapa Nakuru, na kwa miaka sita nimesikia malalamiko yaleyale. Wanagenzi wangu wawili wanasema ni muziki wa wazee wa Jumapili mchana. Wateja wa rika langu wananiuliza kwa nini nahangaika na wachunga ng'ombe wa Marekani ilhali benga ipo. Mimi naupenda kwa sababu mtu anakueleza maisha yake yote kwa dakika tatu, bila kujificha. Lakini niliwapigia Kenny Rogers, nikawapigia Dolly Parton, na hakuna aliyeinua kichwa.

Kilichowageuza ni sanduku la CD sita aliloniletea dada yangu anayeishi Minnesota alipokuja Desemba. Jina la sanduku ni Anthology of American Folk Music, yaani mkusanyo wa muziki wa jadi wa Marekani, ambamo kantri ilichipuka. Aliyezichagua nyimbo hizo ni Harry Smith, mtu aliyekuwa akikusanya santuri za zamani ambazo wengine walishazisahau. Alichukua 84, zilizorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kampuni ya Folkways ya New York ikazitoa mwaka 1952. Hizi CD ni toleo la 1997 la Smithsonian Folkways. Juu ya sanduku kuna mchoro wa kale: mkono unatoka mawinguni ukikaza uzi wa ala yenye uzi mmoja. Mimi ninayeshinda na uzi kutwa niliutazama mchoro huo kwa muda mrefu kabla ya kufungua chochote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na CD ya kwanza. Nakusihi usifanye hivyo kama una wasikilizaji wagumu. CD mbili za mwanzo ni za nyimbo za hadithi: mauaji, meli iliyozama, na hata chura anayeposa panya. Mtu anaimba peke yake na gitaa au banjo, beti baada ya beti, kwa Kiingereza cha milimani ambacho hata mimi nilikifuata kwa shida. Kabla ya wimbo wa nne, mwanagenzi mmoja alikuwa ameshavaa visikilizio vyake.

Wiki iliyofuata nikaweka CD ya nne, ambayo ni ya ibada, na hapo mambo yakabadilika. Kuna kundi linaloitwa Alabama Sacred Harp Singers, walirekodiwa mwaka 1928. Kabla ya kuimba maneno, wanaimba kwanza majina ya noti: fa, so, la. Mwanagenzi wangu wa pili anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao. Alisimamisha cherehani. "Mama, hao wanafanya solfa!" Akaniomba nirudishe mwanzo, na alipousikia tena akaanza kuitafuta sauti yake humo ndani. Ndivyo anavyojifunza nyimbo zake kila Alhamisi jioni, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa Marekani kuna watu waliojifunza kwa njia ya namna hiyo. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayechagua CD asubuhi.

Jambo jingine lililonisaidia ni uamuzi wa Smith mwenyewe. Zama nyimbo hizo ziliporekodiwa, makampuni yalikuwa yakiuza santuri za weusi na za weupe katika orodha mbili tofauti. Smith alizichanganya, na katika kijitabu chake hakuandika ni nani mweusi na nani mweupe. Dukani tukaanza kubahatisha kila wimbo, na tulikosea sana. Yule aliyekuwa akisema "muziki wa wazungu" alikosea kuliko wote, na akaacha kusema hivyo.

Aliyenigusa zaidi ni mzee mmoja mteja wangu, mstaafu wa reli kutoka Kakamega, aliyeleta suruali ikunjwe pindo. Ilikuwa ikicheza CD ya sita, wimbo wa Mississippi John Hurt kuhusu mfanyakazi wa reli anayerudisha nyundo yake na kwenda zake. Mzee hakukaa. Alisimama mlangoni, mkono wa kulia ukicheza pajani, kidole gumba kikipiga besi na cha shahada kikifuata. "Huyu anapiga kama sisi," akasema. Kumbe ujanani alikuwa akipiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya wa kina George Mukabi, huku mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Nikamsimulia niliyoyajua: Hurt alirekodi mwaka 1928, santuri hazikuuza, akarudi kulima kijijini Avalon, Mississippi, na watu waliompenda kupitia sanduku hili wakampata huko mwaka 1963, akiwa bado anapiga vilevile. Mzee akaniomba niurudie wimbo. Niliurudia mara tatu.

Upungufu upo. Sauti zina mchakacho wa santuri kuukuu, na mtu aliyezoea muziki wa leo atahitaji siku mbili tatu kuuzoea. Kompyuta mpya nyingi hazina mahali pa kuingiza CD; mimi natumia ya zamani ya kaka yangu. Kijitabu kina maelezo mazuri, ila herufi zake ni ndogo mno kwa macho ya fundi.

Linaloniuma ni kwamba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa zama hizo, hayumo. Familia ya Carter, kundi jingine la kantri la zama hizo, imo, na wao na Rodgers walirekodiwa kwa mara ya kwanza mji mmoja, Bristol, Agosti 1927. Kwetu Kenya Rodgers ndiye mlango wa muziki huu. Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis, nao wakaligeuza jina lake kuwa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi wasichana wakimwimbia mwaka 1950. Mwanagenzi wangu wa kwanza, yule wa visikilizio, anatoka Bomet. Nilipomchezea wimbo huo kwenye simu alicheka kwa furaha, akampigia nyanya yake papo hapo. Ikabidi nimtafutie Rodgers mwenyewe mahali pengine, na sasa anamsikiliza akishona vifungo.

Kwa hiyo anza na CD ya nne kwa mtu wa kwaya, ya sita kwa mpiga gitaa, ya tatu kwa anayependa kucheza, maana imejaa fidla za dansi. Hadithi za CD ya kwanza na ya pili zihifadhi hadi watakapoziomba wenyewe. Wangu waliziomba mwezi wa pili.

CD ya sita iko kwa mzee. Amenunua nyuzi mpya za gitaa, na Jumamosi anakuja nayo dukani.