Seawolf na Virginia: Nyambizi Mbili za Mashambulizi za Marekani

USS Seawolf, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1989 katika karakana ya Electric Boat huko Groton, Connecticut, ilibuniwa kuziwinda nyambizi za Kisovieti katika bahari yenye kina kirefu. Kabla haijaanza kazi mwaka 1997, adui huyo alikuwa ameshasambaratika, na mpango wa kujenga nyambizi 29 za aina hiyo ukaishia kwenye 3 tu.

USS Virginia, iliyoingia kazini mwaka 2004, ilizaliwa na hesabu ya gharama. Karakana mbili, Groton na Newport News, ziligawana sehemu zake, na mpangilio huo umewezesha nyambizi zaidi ya 20 za aina hiyo kukamilika.

Kwa silaha za chini ya maji Seawolf inaongoza: ina mirija 8 ya kurushia torpido dhidi ya 4 ya Virginia. Hata hivyo Virginia ina mirija 12 ya wima ya makombora ya Tomahawk, na badala ya periskopu ya kawaida (bomba la kutazamia juu ya maji linaloshuka hadi chumba cha uongozaji) hutumia milingoti yenye kamera, hivyo chumba cha uongozaji hakilazimiki kukaa chini ya mnara wa juu ya nyambizi.

Udhaifu mkubwa wa Seawolf, kwa maoni yangu, ni uchache wake. USS Connecticut, mojawapo ya nyambizi hizo 3, ilipogonga mlima wa chini ya bahari mwezi Oktoba 2021, katika Bahari ya China Kusini, theluthi nzima ya aina hiyo ilitoka kazini.